Mbuzi Mwenye Kinyota

Kwenye mitaa ya Kariakoo inayouza vyombo vya jikoni, mbuzi hupangwa chini pamoja na miiko, vinu na mapawa. Ni kigoda cha mbao kinachokunjwa, chenye ulimi wa chuma kwa mbele, na ncha ya ulimi huo imechongwa meno madogo madogo. Anayejua kununua haridhiki kwa macho. Hukifungua, hukikalia, huinama kidogo kama anayekuna nazi, husikiliza kama mbao inalia, kisha hupitisha kidole gumba kwenye meno. Ndipo huuliza: mbuzi hii bei gani? Hatua chache kutoka hapo, kwenye benchi la supu, mtu mwingine anauliza kama mbuzi huyu kachinjwa leo. Neno ni lile lile, herufi zile zile tano, na hakuna kati yao anayesita kuchagua kati ya "hii" na "huyu".

Jina lenyewe halisemi kitu. Mbuzi mmoja ni mbuzi, na mbuzi kumi ni mbuzi. Umoja na wingi, uhai na ukosefu wa uhai, vyote vinabebwa na maneno yanayolizunguka: huyu na hawa kwa mnyama, hii na hizi kwa chombo. Mwanafunzi wa kigeni hutaabika miaka na jambo hili. Mtoto aliyezaliwa Mtaa wa Mkunguni, hapa Kariakoo, analimudu kabla hajaanza shule.

Ukiuliza ni yupi kati ya hawa wawili aliyebaki kwenye ngeli ya asili, wengi watamtaja mnyama, maana ndiye mwenye jina na chombo kimeazima tu. Mambo yalikwenda kinyume. Katika lugha mame, ile ambayo lugha zote za Kibantu zilitokana nayo, mbuzi wa miguu minne alipatana kwa ngeli ile ile tunayoipa leo mbuzi ya kukunia. Lugha nyingi za jamaa zetu zimebaki hapo hapo. Mganda husema embuzi yange, Mzulu imbuzi yami, Mkikuyu mbũri ĩno. Kiswahili ndicho kilichowahamisha wanyama, kikawaweka pamoja na watu, kikampa kila kinachopumua a- na wa-. Kifaa, kwa kuwa hakipumui, hakikuhamishwa. Kigoda chenye meno ya chuma kimehifadhi sarufi ambayo mnyama mwenyewe ameiacha.

Ndiyo maana sipendi kusikia mfanyabiashara aliyetoka bara akichekwa sokoni kwa kusema "mbuzi yangu" na maana yake ni mnyama. Kwa sarufi sanifu amekosea, na mwalimu ana haki ya kumsahihisha. Lakini alichokisema kina umri mkubwa kuliko sarufi sanifu, na Kiswahili chenyewe hakijakiacha kabisa. Tunasema baba yangu, rafiki yangu, ndugu zangu. Hatusemi baba wangu. Kwa watu tunaowapenda zaidi, upatanisho wa kale umekataa kuondoka.

Wanaisimu huliandika jina la kale la mbuzi hivi: *-bʊ́dì. Kistari kinaonyesha mahali pa ngeli, na hapo ndipo ilipokaa ile m- ya mbele, ambayo si sehemu ya shina. Kila mzungumzaji anaijua, hata kama hajawahi kuambiwa. Mbuzi akiwa mdogo ni kibuzi, na m imekwenda. Vijana wa Dar es Salaam walipoanza kumwita mwanamume anayechunwa fedha "buzi", waliing'oa ile m wenyewe bila darasa lolote, wakalipeleka jina kwenye ngeli ya makubwa, mabuzi kwa wingi wao. Alama zilizo juu ya irabu ni za toni, juu kisha chini. Ile ʊ ni irabu iliyokaa kati ya u na o. Na kinyota cha mbele kinatoa tahadhari: neno hili hakuna aliye hai aliyelisikia, na hakuna aliyelisema akaliandika. Limepatikana kwa kuwakusanya wajukuu na kuwalinganisha.

Wenzetu wa Ulaya ya Mashariki wana mbuzi wao mwenye kinyota. Kirusi, Kipolandi, Kicheki na Kiserbia vyote husema koza, na wataalamu wa lugha za Kislavi wakaandika *koza kwa lugha mame yao. Jina lile hugeuzwa mwishoni: *kozy likiwa la umilikaji, *kozǫ likitendwa jambo, *kozo mtu akimwita mbuzi wake, na lilikuwa na umbo la pekee kwa mbuzi wawili. Hawa wana bahati moja kubwa. Kuanzia karne ya 9 lugha ya Kislavi ilikuwa ikiandikwa kanisani, na maandishi yale yanasogea karibu sana na lugha mame, hata mtaalamu anaweza kuyatumia kupima kazi yake. Sisi hatuna kitu kama hicho. Katekisimu ya Kikongo ilichapwa mwaka 1624, na barua za Kiswahili zilizohifadhiwa Goa ni za mwanzoni mwa karne ya 18. Kwa lugha mame iliyosemwa miaka elfu nne au tano iliyopita, hiyo ni jana jioni. Ushahidi wetu karibu wote umo vinywani mwa watu.

Na vinywa hivyo viko Kariakoo. Anayetaka kujua ile d ya *-bʊ́dì imetoka wapi, wakati sisi sote tunasema z, aanze na maneno mawili ya biashara yenyewe: mnunuzi na mchukuzi. Kitenzi ni nunua, na cha pili ni chukua. Hakuna z hata moja humo. Lakini mtu akisema "ninunulie" au "nichukulie", inajitokeza l iliyokuwa imejificha. Zamani shina lilikuwa nunul- na chukul-. Ile l ilipokuwa baina ya irabu ilidondoka, na ilipokutana na -i ya kutaja mtendaji iligeuka z. Ndivyo mlinzi alivyotokana na linda na mpenzi akatokana na penda. Mbuzi alipita njia hiyo hiyo. Palikuwa na sauti ya ukoo wa d na l, ikafuatwa na i kali ya mwisho, ikawa z. Kwa hiyo mnunuzi na mbuzi wanapofanana kwa vina sokoni, wamefanana kwa sababu moja, na sababu hiyo ni ya kale kuliko mji huu.

Ni ya kale kuliko hata Kiswahili. Mkomoro aliyekuja kununua vitambaa husema mbuzi kama sisi, na Wamijikenda wa Pwani ya Kenya pia. Mzambia mwenye Kibemba husema imbushi. Myao wa Kusini husema mbusi, Mshona mbudzi, Mhaya embuzi. Halafu tazama majina ya mitaa, kwa sababu Kariakoo imejiandikia orodha yake kwenye vibao vya kona. Kuna Mtaa wa Swahili, na Kiswahili husema mbuzi. Kuna Mtaa wa Sukuma na Mtaa wa Nyamwezi, na lugha hizo mbili husema mbuli, l ikiwa imesimama pale pale ambapo kwetu pana z. Kuna Mtaa wa Kongo, wenye msongamano kuliko yote, na Kikongo hakisemi lolote kati ya haya: mbuzi wao ni nkombo. Wagogo wana mhene, Wanyakyusa imbene, Wanyarwanda ihene. Hao wanafuata jina jingine, na kwa shauri hili hawatoi ushahidi. Kazi ya mlinganishaji ni pamoja na kumtambua shahidi aliyekuwa mahali pengine.

Shahidi ninayemthamini kuliko wote hana mtaa Kariakoo. Yuko Nairobi, na mjini mwake kuna soko linaloitwa Kariokor, maarufu kwa nyama ya mbuzi ya kuchoma. Majina haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliunda jeshi la wapagazi, Carrier Corps. Walipouteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, wapagazi wakapigishwa kambi kwenye eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelijengea soko, na lile la Nairobi nalo lilikuwa kambi yao. Waliochukuliwa walibeba risasi, unga na majeruhi katika nchi isiyo na barabara. Kumbukumbu rasmi za Waingereza zinahesabu zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, na wanahistoria wanaamini idadi ya kweli ni kubwa zaidi. Kila tunapolitaja soko tunawataja wachukuzi hao.

Nimekuwa nikijiuliza jambo moja kuhusu majina haya. Tuseme maandishi yote ya Kiingereza yamepotea, na mwanaisimu wa baadaye ana Kariakoo mkono huu na Kariokor mkono huu. Angejenga nini? Angeweka kinyota, kisha kari-. Hapo hana wasiwasi, mashahidi wawili wanakubaliana. Kwenye irabu inayofuata angekuta a kwa mmoja na o kwa mwingine, akabaki na shaka. Kisha -ko-, na hapo mwishoni mmoja ana r na mwingine hana, angelazimika kuamua kama r ilidondoka Dar es Salaam au ilizuka Nairobi. Mwishoni angepata neno linalokaribia sana lile lililotamkwa na maafisa wale. Lakini p na s za mwisho asingezigundua kamwe, kwa kuwa hata Waingereza wenyewe hawazitamki. Wala asingejua kwamba yalikuwa maneno mawili. Mwaka na vita, nalo rundo la maiti, vyote vingekuwa nje ya uwezo wake. Mbinu inarudisha kile ambacho wajukuu wamekihifadhi, basi. Inanipa imani zaidi nayo kuona inaposhindwa, kwa sababu hapo najua pia inapofaulu imefaulu kwa haki.

Sasa turudi kwa shahidi wa Nairobi. Kikuyu huandika irabu saba, na ũ yake yenye alama juu si u. Mbuzi ni mbũri, kwa ũ. Mvua ni mbura, kwa u ya kawaida. Yaweke maneno mawili sambamba: mbũri, mbura. Kwa Mkikuyu yanaanza kwa konsonanti zile zile na tofauti iko kwenye irabu. Njoo kwetu: mbuzi, mvua. Kwetu irabu ni moja, u na u, na tofauti imehamia kwenye konsonanti, b kwa huyu na v kwa ile. Kizulu kina imbuzi na imvula, mgawanyo ule ule.

Nakumbuka nilipoliona hili kwa mara ya kwanza nilisoma tena na tena, nikitamka kwa sauti. Lugha mame ilikuwa na irabu mbili tofauti, ʊ ndani ya mbuzi na u kali ndani ya mvua. Ile u kali ilikuwa imebana mno hata ikaisukuma b ya mbele yake ikawa v. Ile ʊ haikuwa na nguvu hiyo, na b ikapona. Baadaye Kiswahili kikaziunganisha irabu mbili kuwa moja, lakini kovu lilikuwa limeshabaki kwenye konsonanti. Kikuyu kilizihifadhi irabu na konsonanti zake hazikuguswa. Kila mmoja amebaki na nusu aliyoipoteza mwenzake, na ukiwakutanisha, neno zima linasimama. Na ndani ya mbuzi kuna majaribio mawili katika silabi mbili: irabu ya kwanza iliyoiacha b salama, na ya pili iliyoigeuza d kuwa z. Sijaona neno dogo linalofanya kazi kubwa kiasi hicho.

Waliotufungulia njia hii hawakuwa malaika. Carl Meinhof, mchungaji wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1899 kitabu cha sauti za lugha za Kibantu, akitumia lugha chache tu, Kiswahili kikiwa mojawapo, na kuanzia 1902 akafika mwenyewe Afrika Mashariki kusikiliza. Kanuni zake za sauti zimesimama. Nadharia zake za rangi za watu, kwamba kila kilicho bora Afrika kililetwa na weupe fulani kutoka kaskazini, zilikuwa za uongo na zilileta madhara, na mwaka 1933 alijiunga na chama cha Hitler. Navitaja vyote kwa pamoja kwa sababu wanafunzi wetu hukutana na jina lake na wanastahili kumjua mtu mzima. Baada yake Achille Meeussen wa Tervuren, Ubelgiji, alichapisha mwaka 1967 sarufi ya lugha mame, na Malcolm Guthrie wa London akatoa juzuu nne kati ya 1967 na 1971, zenye maneno ya kulinganisha zaidi ya 2,000. Guthrie aliamini chimbuko letu liko kusini-mashariki mwa Kongo. Joseph Greenberg, Mmarekani, alisema ni mpakani mwa Nigeria na Kamerun, na leo wanaisimu karibu wote wako upande wake.

Mbuzi ana la kusema hapo pia. Mnyama huyu hana mzazi wa mwituni katika misitu wala mbuga zetu. Alifugwa kwanza kwenye milima ya Asia ya Magharibi yapata miaka 10,000 iliyopita, kisha akaingia Afrika kupitia kaskazini. Ikiwa jina lake limeenea kutoka Kenya hadi Afrika Kusini, na limefuata kanuni za sauti za kila lugha bila kuruka hatua, basi wale waliokuwa wakiisema lugha mame walikuwa tayari wanamjua, walimwita kwa jina hilo, na walipohama walihama naye. Jina linalodakwa sokoni kutoka kwa jirani huja na vumbi la huko lilikotoka. Hili halina vumbi hilo. Limezeeka pamoja na lugha.

Kinachoniuma ni mahali Kiswahili kilipo katika ushahidi huu. Ni lugha yangu, naipenda, na ndiyo iliyotufanya Wasukuma, Wahaya, Wamakonde na Wazaramo tuelewane hapa Kariakoo bila mkalimani. Lakini kwa kulijenga neno la kale, Kiswahili peke yake ni shahidi wa nusu. Kimepoteza toni: mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho kwa karibu kila neno, kwa hiyo hauwezi kutueleza lolote kuhusu juu na chini za zamani. Kimepunguza irabu saba kuwa tano. Kimezidondosha l nyingi. Tungebaki na Kiswahili tu, tungeandika *mbuzi na tungedhani tumemaliza. Ile d, ile ʊ na zile toni mbili tumezipata kwa hisani ya lugha ambazo mjini huitwa za kienyeji, ambazo mama huzisema kwenye simu akiwa na ndugu zake kijijini, na mtoto aliye pembeni hasikii zaidi ya majina ya watu.

Hata Kizaramo, lugha ya wenyeji wa mji huu, huwezi kuitegemea usikie kwenye vibaraza vya Kariakoo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha Mradi wa Lugha za Tanzania na mwaka 2009 kikatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania, pamoja na misamiati ya lugha kadhaa moja moja. Ni kazi njema na ingestahili kuendelezwa kwa fedha zetu wenyewe. Ila msamiati ulioandikwa kwa irabu tano kwa lugha yenye saba, bila alama za toni, unamnyima mlinganishaji vitu vile vile alivyovifuata. Sikio linahitajika, na masikio ya kufaa yapo mengi zaidi ya yale ya chuoni.

Basi anayepita Mtaa wa Sukuma akakutana na bibi aliyekulia Magu au Kwimba anaweza kuianza kazi hii pale pale, bila kifaa cha zaidi ya simu ya kurekodia. Amwamkie, akae, aombe ruhusa. Asimwombe historia ya kabila lake. Amwombe aseme mbuzi kwa lugha yake, kisha mvua, kisha mbuzi tena, polepole, na asikilize kama irabu ya kwanza ni ile ile au imepanda na kushuka. Kisha amwombe aseme mbuzi huyu, mbuzi hawa, mbuzi wangu. Bibi akisema kwa namna ya i na zi, asimsahihishe.